Bei Chee Dhidi ya Elimu Tele

Ombi lilirudi Jumatatu asubuhi likiwa na mhuri mwekundu uliopigwa kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka: HALIJALINGANISHWA.

Mama Pasi alilisoma akiwa amesimama, maana katika chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyewahi kukaa kabla ya saa nne. Jina hilo hakulipata kwa kupenda kupiga pasi. Alilipata kwa kuwa alikuwa akikupitia mara moja tu na mikunjo yako yote ikanyooka. Alikuwa msimamizi wa wafuaji, mwenye stashahada ya chuo iliyotundikwa juu ya mashine ya kukamua na kunyoosha kwa mvuke, watoto watatu nyumbani, na mdomo usio na breki.

Ombi lenyewe lilikuwa na mistari mitano. Hospitali ilikuwa imenunua mashine tano mpya za kufulia, za kioo cha kugusa, zinazokataa kuwaka mpaka uziandikie namba ya cheti chako. Cheti hicho hutolewa na mahali pamoja tu: Elimu Tele, jukwaa la masomo la mtandaoni ambalo waliotengeneza mashine waliingia nalo mkataba. Mkurugenzi alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba ikifika tarehe mosi bila wafuaji watano wenye vyeti, kazi yote itapewa kampuni ya nje, na wafuaji watapewa barua. Mama Pasi alikuwa na wafuaji watano. Aliomba nafasi tano. Hakuona kilichobaki cha kulinganisha.

Alipanda ngazi mpaka ofisi ya manunuzi, mikono ikiwa bado na povu.

"Hili limerudishwa kwa nini?"

"Karibu ukae, mama," alisema afisa manunuzi, mtu mwembamba, msafi, ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Fomu na yeye akadhani wanamheshimu.

"Sikuja kukaa."

"Kanuni, kifungu cha nne." Alikuwa na kanuni hizo mezani, zimevalishwa jalada la plastiki kama kitu cha kuliwa. "Hakuna kinachonunuliwa bila kulinganishwa na kingine cha fungu hilohilo. Wewe umeomba huduma ya mtandao. Kwenye fungu la huduma za mtandao tuna vitu viwili. Chako, na hiki."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Juu pembeni palikuwa na alama ndogo ya kikapu cha njano, kinachochezacheza kama mtoto anayetaka kwenda haja.

"Hiki ni nini?"

"Bei Chee. Kidude kinachokaa kwenye kivinjari. Ukitaka kununua kitu mtandaoni, chenyewe kinakimbia huku na huko kukutafutia kuponi za punguzo. Na ni bure!"

"Kinafundisha kufua?"

"Hatusemi kinafundisha. Tunasema kiko fungu moja."

"Bwana, huko ni kulinganisha daktari wa meno na mwavuli."

Bwana Fomu alifikiri kwa dhati. "Hivyo viko mafungu tofauti," akasema.

Akatoa Fomu Namba Saba, karatasi ndefu yenye jedwali. Ilitungwa wakati hospitali inachagua jenereta, na tangu hapo ndiyo ilitumika kuchagulia kila kitu, hata mpishi. Mama Pasi alipitisha macho: uzito, kelele, vipuri, muda wa kujifunza kukitumia, akiba iliyopatikana, hitilafu. Mkono wake ulikwishaanza kuikunja ili aitupe alipofika chini kabisa na kuona mstari wa maandishi madogo. Akausoma mara mbili.

"Lazima vijaribiwe na watumiaji halisi kwa siku kumi na nne? Kabla kamati haijakaa?"

"Lazima kabisa. Jenereta tuliiwasha siku kumi na nne mfululizo."

"Vyote viwili?"

"Ndiyo maana yake kulinganisha."

Mama Pasi aliikunja fomu taratibu, kona kwa kona, akaiweka mfukoni mwa aproni. Bwana Fomu alimtazama kwa wasiwasi. Hakuna mtu aliyewahi kuikunja fomu yake kwa upole.

"Basi tulinganishe," alisema. "Wafuaji wangu watajaribu hilo jukwaa. Wewe jaribu kikapu chako."

"Mimi? Mwenyewe?"

"Mtumiaji halisi ni nani kama si wewe?"

Uso wa Bwana Fomu ulichanua. Katika miaka kumi na moja ya manunuzi, kitu pekee alichowahi kupewa ajaribu kilikuwa mashine ya kubania karatasi.

*

Nyumbani kwa Mama Pasi, aliyevijua vyote viwili alikuwa binti yake mkubwa, anayeuza miwani dukani na anayeishi na simu kama watu wawili waliooana. Alikuwa na masomo kumi na moja aliyoyaanza Elimu Tele: upigaji picha, Kichina, ufugaji wa nyuki. Hakumaliza hata moja. Kwa upande wa Bei Chee, alikuwa nayo kwenye simu, kwenye kompyuta, na bila shaka kwenye damu.

"Mama, viatu hivi nimeokoa asilimia arobaini."

"Umeokoa kutoka wapi? Hukuwa na safari ya kununua viatu."

"Lakini ni asilimia arobaini!"

"Usingevinunua ungeokoa mia."

Binti akacheka, akasogea kumwonyesha. Elimu Tele ilikuwa na rangi ya bluu, na kila ukibofya kitu ilikupigia makofi. Ukijiandikisha, makofi. Ukisikiliza dakika mbili, unapewa nyota. Ukiingia siku tatu mfululizo, linatokea jogoo na kukwambia wewe ni shujaa. Mama Pasi alimtazama jogoo. Kisha akatazama kile kikapu cha njano, ambacho wakati huohuo kilikuwa kikimwagia viatu vya binti yake chengachenga za rangi na kuandika: UMEOKOA!

"Hawa ni ndugu," alisema. "Huyu anakupongeza hujasoma, huyu anakupongeza umetumia."

"Lakini angalia hapa, Mama." Binti alishusha ukurasa mpaka kwenye maandishi madogo. "Taasisi inaruhusiwa kujaribu bure siku kumi na nne, watu watano. Na atakayemaliza ndani ya siku hizo, cheti ni chake."

Mama Pasi alikunja uso. Kitu cha bure kilimtia mashaka kuliko mwizi. "Kwa nini watoe cheti bure?"

"Kwa sababu hakuna anayemaliza."

Mama Pasi alitazama tena orodha ya masomo kumi na moja ya binti yake, kila moja na kamstari kake ka kijani kalikoishia njiani.

"Hawajawahi kukutana na wafuaji wangu," akasema.

*

Masomo yalikuwa kumi na mawili. Kila siku saa nane mchana, mashine za zamani zikiwa zimetulia na mashuka ya zamu ya asubuhi yamekwishakunjwa, wafuaji watano walikaa juu ya matenga ya nguo mbele ya kompyuta iliyoazimwa wodi ya wazazi. Mwalimu wa kwenye video alikuwa kijana mwenye meno meupe, amevaa shati lisilo na doa, akiwaeleza mambo ya madoa.

"Huyu hajawahi kufua hata soksi," alisema mfuaji mmoja.

"Mtazame vidole. Laini kama maandazi."

"Nyamazeni," alisema Mama Pasi. "Mtamcheka mkishapata cheti."

Aliyekuwa hacheki ni Shangazi. Hakuwa shangazi wa yeyote pale, ila alikuwa amefua hospitalini hapo miaka thelathini na moja, na katika muda kama huo lazima uwe ndugu wa mtu. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Barua ikija kabla ya miezi hiyo, kiinua mgongo chake kingekatwa katikati, na mjukuu anayemsomesha angerudi nyumbani. Hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema kwa sauti.

Shangazi alisikiliza masomo yote kumi na mawili. Hakusinzia hata mara moja. Somo la tisa, la alama za kwenye lebo za nguo, alilirudia mara tatu kwa kulipenda. "Kumbe hivi vijipicha vinasema!" alishangaa. "Miaka yote nilidhani ni mapambo." Siku mbili nzima alikwenda akigeuza kola za watu, hata za madaktari, kusoma shingoni.

Mtihani ndio uliomkwamisha. Maswali ishirini, dakika moja na nusu kila swali, na ili ufaulu lazima upate kumi na sita. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu. Wenzake wanne walifaulu siku ya kumi na mbili, mmoja kwa alama kumi na sita kamili, akaruka mpaka akavunja tenga. Shangazi alipata tisa. Kesho yake akapata kumi na mbili. Jogoo alitokea kwenye kioo na kumwambia: Usijali! Kushindwa ni sehemu ya safari!

"Safari ya wapi?" aliuliza Shangazi. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

Jioni ile Mama Pasi alimkuta ameinamia sinki, anafua kitambaa cha jikoni ambacho tayari kilikuwa safi.

"Shangazi, swali la kwanza lilikuwa la damu. Damu! Wewe hukulijua?"

"Halikusema damu, mwanangu. Lilisema kitambaa chenye madoa ya protini. Nikafikiri nyama. Nikafikiri labda mchuzi. Nikiwa bado nafikiri, likaondoka."

"Na lile la blanketi?"

"Blanketi gani? Mimi nimelionaje hilo blanketi? Zito, jepesi, limechakaa? Naulizwa juu ya nguo ambayo sijaishika. Mimi nikiishika nguo mkono wangu unajua. Nikiambiwa tu, mimi ni mjinga kama mwingine yeyote."

Mama Pasi alikuwa na jibu kali tayari mdomoni, kwa mazoea. Akalimeza. Alibaki amesimama pale, akiangalia ile mikono ya Shangazi ndani ya maji, inayogeuza kitambaa yenyewe bila mwenyewe kutazama.

"Kesho saa tisa," akasema. "Usichelewe."

*

Siku ya kumi na nne, siku ya mwisho, Shangazi aliingia na kukuta meza ndefu ya kukunjia imejaa nguo. Shuka lenye damu ya asubuhi ile. Blanketi la sufu. Gauni la chumba cha upasuaji. Foronya yenye doa la dawa ya njano. Shati la daktari mwenye haya, aliyeombwa alivue naye akalivua. Mama Pasi alikuwa amepita wodi zote na toroli akikusanya kila aina ya kitambaa iliyotajwa katika masomo kumi na mawili.

"Si wizi huu?" aliuliza Shangazi.

"Nimesoma masharti yao yote, kurasa kumi na tisa. Wamekataza kuuliza mtu. Hawakukataza shuka." Alivuta kompyuta. "Mimi nasoma swali, nakupa nguo, nanyamaza. Jibu ni lako."

"Wewe? Unyamaze?"

Wafuaji wanne wakaangua kicheko, na Mama Pasi akawakata jicho, na mtihani ukaanza.

"Kitambaa chenye madoa ya protini kianze kwa nini: maji ya moto, maji baridi, au mvuke?" Akamtupia shuka la damu.

Shangazi alilipokea, akalisugua kwa kidole gumba. Hata hakufikiri. "Baridi. Ukiipiga maji ya moto damu inafunga ndoa na shuka, huitengui tena."

Mama Pasi akabofya. Swali la pili, blanketi. Shangazi alilipima mkononi, akalinusa, akataja joto na dakika. Swali la tano lilikuwa la uzito, na alipokosa lilitoa mlio kama wa chura. La nane akakosa tena. La kumi na moja na la kumi na tatu, yote ya namba za dawa, akakosa. Wafuaji wakaacha kupumua. Makosa manne, la tano lingemtoa.

Yaliyobaki yalikuwa saba. Moja baada ya jingine Mama Pasi alisoma kwa sauti kavu na kurusha nguo, na moja baada ya jingine Shangazi akazishika, akazijibu. Swali la ishirini lilikuja na picha: bakuli dogo lenye mkato wa msalaba juu yake. Hapakuwa na nguo mezani yenye alama ile. Mama Pasi alitafuta kwa macho, mikono yake ikabaki mitupu hewani. Saa kwenye kioo ikaanza kurudi nyuma.

Shangazi aliinama karibu na kioo. "Bakuli ni maji," alisema polepole. "Msalaba ni hapana. Hiyo nguo maji haiyataki. Somo la tisa, lile nililolipenda."

Jogoo alitokea akarukaruka kama mwendawazimu. Alama kumi na sita. Mama Pasi alimwangalia jogoo yule na kwa mara ya kwanza hakutamani kumchinja.

*

Kesho yake asubuhi kamati ilikaa. Mkurugenzi alikuwa kiti cha mbele, mhasibu pembeni yake, na Bwana Fomu amesimama na jedwali, amevaa tai.

"Uzito," alianza. "Vyote havina. Vimelingana. Kelele: Bei Chee haina sauti. Elimu Tele ina mwalimu, na mwalimu anasema. Inapoteza alama kumi. Vipuri: hakuna. Muda wa kujifunza kukitumia: Bei Chee, dakika moja. Elimu Tele..." alisita kwa huruma, "siku kumi na nne."

"Muda mrefu mno," alisema mhasibu.

"Hitilafu. Bei Chee haijamfelisha mtumiaji hata mmoja. Elimu Tele imemfelisha mfuaji mmoja mara mbili." Akageuza ukurasa, sauti ikapanda. "Na sasa, akiba iliyopatikana. Elimu Tele, sifuri. Bei Chee, kwa muda wa majaribio, imeniokolea, yaani imeiokolea hospitali, asilimia thelathini na saba kwenye mapazia jozi sitini, na asilimia hamsini kwenye miavuli ya bustani."

"Tuna bustani?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hatuna. Lakini asilimia hamsini, mheshimiwa."

Mkurugenzi alitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kwa hoja. Jumla: Bei Chee themanini na moja, Elimu Tele thelathini na nne. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba Elimu Tele isinunuliwe, na kwamba Bei Chee, ikiwa ya bure, inunuliwe.

"Mama, unakubaliana?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kabisa. Hata mimi hilo jukwaa nimelipatia alama za chini. Lina jogoo asiyejua kunyamaza." Mama Pasi alisimama. "Nimeleta kiambatisho tu, maana fomu inataka ushahidi wa majaribio."

Akaziweka mezani karatasi tano, moja baada ya nyingine, kama anayepanga mashuka. Vyeti vitano vya kuendeshea mashine mpya, vyenye namba, vyenye majina. Cha juu kabisa kilikuwa cha Shangazi.

Bwana Fomu alivitazama, macho yakamtoka. "Lakini... hili jukwaa limeshindwa!"

"Limeshindwa vibaya sana," alikubali Mama Pasi.

"Hatujalinunua!"

"Na wala hamna haja tena. Ulisema lazima vijaribiwe siku kumi na nne na watumiaji halisi. Wametumia. Kihalisi."

Bwana Fomu akaanza kupekua kanuni zake ndani ya plastiki, kifungu cha nne, cha tano, cha sita, akitafuta mahali palipokatazwa mtu kunufaika na majaribio. Mkurugenzi alikwishachukua kalamu. Aliandika "wafuaji wabaki" pembeni ya karatasi, akaisogeza, akauliza kama kuna jambo lingine.

*

Tarehe mosi, mashine tano ziliwaka mara moja, kila moja na namba yake. Tarehe tatu likaja lori.

Kwa kuwa stoo ilijaa miavuli, mapazia yalishushiwa chumba cha kufulia. Na kwa kuwa hospitali hairuhusu kitambaa kipya kutundikwa wodini kabla hakijafuliwa, Bwana Fomu alikuja mwenyewe kusimamia, tai shingoni, uso uking'aa.

"Jozi sitini," alisema. "Naomba yafuliwe leo, Shangazi. Mkurugenzi anataka kuyaona yakining'inia."

Shangazi alivuta pazia moja. Alilisugua kwa kidole gumba, akalinusa. Kisha akaligeuza mpaka akaipata lebo, akaisogeza mbali na macho kidogo, akaisoma kwa raha ya mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake.

"Bakuli," alisema. "Na msalaba."

"Maana yake?"

"Maana yake, mwanangu, haya yakigusa maji yanasinyaa, yanatoka leso. Jozi sitini za leso."

Bwana Fomu alipepesa macho. Alifungua simu, akakitafuta kikapu cha njano, akakibofya. Chengachenga zikamwagika. Kilikuwa hakina kitufe cha kurudisha.

"Hiyo alama," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, akimgeukia Mama Pasi. "Imefundishwa wapi?"

"Somo la tisa. Lakini nakuonya, lile jukwaa lilipata thelathini na nne."

Bwana Fomu aliondoka na pazia moja mkononi. Wafuaji walishikilia vicheko vyao mpaka mlango ukafungwa, kisha vikawatoka vyote kwa pamoja.

Shangazi hakuwa na muda wa kucheka. Alikuwa mbele ya mashine namba tatu, anaandika namba ya cheti chake kwa kidole kimoja, tarakimu kwa tarakimu. Ndani ya aproni yake simu ikalia. Alikuwa na maji mikononi, kwa hiyo Mama Pasi ndiye aliyeitoa na kuisoma.

"Ni yule jogoo. Anasema hujaonekana darasani siku tano na ana wasiwasi juu yako. Anauliza uko wapi."

Shangazi alibonyeza kitufe cha mwisho. Maji baridi yakaanza kuingia juu ya mashuka ya wodi ya upasuaji.

"Mwambie niko kazini," akasema.